Kurudisha Neno Endulen

Nilitoka Kondoa siku ya Alhamisi alfajiri kwa sababu ya neno moja nililoliandika vibaya. Wengi wenu mmeniuliza ilikuwaje mwanamke mstaafu, mwenye magoti yangu haya, akakimbilia Ngorongoro wiki ya mwisho ya kampeni za watu wengine. Nawaeleza hapa kwa mpangilio, ili nisirudie hadithi hii kila ninapokwenda sokoni kununua mboga.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, walimu wastaafu wachache wa Karatu walikuwa wameniomba niwasaidie kazi. Kiongozi wao, Mzee Gwandu, nilisoma naye chuo cha ualimu. Walitaka kuwaeleza wapiga kura wa upande wa Ngorongoro tofauti za wagombea wawili wa ubunge waliokuwa wakichuana vikali, na walitaka mambo mawili tu yaelezwe, elimu na uchumi. Kibali walikuwa nacho. Wakasema, Mwalimu Mwanaidi amefundisha Kiswahili maisha yake yote, yeye ndiye atakayefupisha maneno marefu ya wanasiasa yakaeleweka. Nikaenda Endulen, nikawasikiliza wagombea wote wawili katika mkutano mmoja, kisha nikarudi nyumbani na kuandika jedwali la ukurasa mmoja. Bi. Nasieku aliwekwa kushoto na Bwana Lekishon kulia. Kila mmoja alipewa mistari sawa na mwenzake. Kazi hiyo niliionea fahari.

Jumatano mchana simu ikalia. Alikuwa Mzee Gwandu.

"Mwalimu, kaa chini kwanza," alisema.

"Nimeshakaa. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ila kwenye karatasi yako umeandika kwamba Bi. Nasieku atahamisha shule."

"Si ndivyo alivyosema?"

"Mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikaanza kulitafuta daftari langu la mkutano. Nadhani ninyi wa huku hamtauona uzito wa jambo hilo mara moja. Endulen iko ndani ya hifadhi. Kwa miaka mingi watu wa kule wamekuwa wakizungumzia kuhama au kutohama. Kuna waliokwisha kuondoka, na kuna walioapa kwamba hawatatoka. Kule neno "kuhama" halirushwi ovyo, kama vile kiberiti hakichezewi kwenye ghala la pamba. Ukisema shule itahamishwa, mtu anasikia kwamba yeye ndiye atakayefuata. Na Bi. Nasieku ni binti wa palepale Endulen.

"Wanasema amewauza," Mzee Gwandu aliendelea. "Jumamosi wagombea wote wawili wanarudi pale kwa mkutano wa mwisho. Kuna vijana wameapa gari lake halitaingia. Nimepiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji nimwombe asahihishe. Ameniambia maneno mawili tu: aliyeandika aje."

Usiku ule nilifunga mkoba.

Alhamisi, safarini. Basi lilitufikisha Babati jua likiwa limeshapanda, na pale nikabadilisha gari. Njia nzima nilikuwa na daftari langu la mkutano mapajani. Nililifungua Babati, nikalifungua tena Makuyuni, na nikalifungua Mto wa Mbu wakati abiria wenzangu wakinunua ndizi nyekundu dirishani. Kila mara nilikuta mwandiko uleule wa haraka: "N. Shule kuhama. Mifugo." Hapakuwa na kitu kingine. Siku ile ya mkutano upepo ulikuwa mkali, Bi. Nasieku alikuwa akichanganya Kiswahili na Kimaasai, nami Kimaasai sikijui. Je, nilisikia vibaya, au nilisikia vizuri nikaandika vibaya? Nilijaribu kuikumbuka sauti yake, haikuja. Gari lilipoanza kupanda ule mlima, na Ziwa Manyara likabaki chini kama shuka iliyotandazwa, abiria walitoa simu wapige picha. Mimi nilikuwa nikiomba tu nisije nikawa nimemzulia mtu.

Saa tisa mchana, Karatu. Udongo wa Karatu ni mwekundu, na mwezi ule wa kiangazi vumbi lake lilikuwa limepanda hadi kwenye majani ya migomba. Mzee Gwandu alinipokea stendi, akachukua mkoba wangu ingawa ananizidi umri. Nyumbani kwake mkewe alinipa uji wa mtama, na kabla sijaumaliza mzee akaweka karatasi mezani. Ilikuwa kipande cha jedwali langu. Kuna mtu alikuwa amekata kile kisanduku kimoja tu, "Elimu: kuhamisha shule", akakikuza na kutoa nakala, kisha akazisambaza.

"Nani amefanya hivi?"

"Watu wanaomuunga mkono Bwana Lekishon. Lakini Mwalimu, hawakuongeza hata herufi. Maneno ni yako."

Hilo ndilo lililoniuma. Nimewapa watoto sufuri miaka mingi kwa kuandika sentensi zenye maana mbili.

Nilimwuliza kama kuna mtu aliyerekodi hotuba ile. Akakuna kidevu. "Yupo Neema. Ni Mmaasai wa Endulen, anafundisha shule ya msingi Oldeani. Nasikia alikuwa likizo kwao siku ile, na yeye hurekodi kila kitu, hata mahubiri."

"Kesho naenda Oldeani."

"Barabara ni mbaya."

"Mzee Gwandu, nimetoka Kondoa kwa ajili ya hili."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu anipokee, akampigia simu dereva mwenye Land Cruiser ambaye kila wiki hupeleka unga na sukari Endulen.

Ijumaa asubuhi, njia ya Oldeani. Dereva huyo aliitwa Safari, jina la kawaida sana kwa Wairaqw, wenyeji wa Karatu, na yeye mwenyewe aliniwahi kabla sijatania. "Ndiyo, Mwalimu, Safari anakupeleka safari. Wazungu ninaowabeba nimeshawachosha kwa hilo." Barabara ilikuwa ya mashimo na mawe, tukapita katikati ya mashamba makubwa ya kahawa yaliyopandwa tangu enzi za wakoloni. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mistari ya mibuni na ndoo kiunoni, na kati yao niliona watoto ambao saa ile walistahili kuwa darasani.

Neema nilimkuta kwenye ofisi ya walimu akisahihisha madaftari. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye shanga nyembamba shingoni juu ya sweta la kijani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa shida."

"Najua shida yako," alisema. "Karatasi yako imefika hata kwenye simu yangu. Mama wa Nasieku ni jirani yetu. Wanawake waliokuwa wanakwenda naye kuchota maji siku hizi wanampita mlangoni. Bibi wa watu anakwenda kisimani peke yake."

Hilo sikuwa nimelijua. Nilikuwa nimefikiria kura, na jina langu mwenyewe. Bibi anayekwenda kisimani peke yake hakuwa amenijia akilini.

Neema akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akatafuta, akaiweka mezani baina yetu. Kwanza ulisikika upepo, kisha makofi. Halafu ikaja sauti ya Bi. Nasieku, sasa kwa Kiswahili:

"Ng'ombe wakihama kiangazi, mtoto anahama nao, darasa linabaki na madawati tu. Mimi nataka mwalimu na ubao wake wahame pamoja na watoto. Mvua ikirudi, warudi wote. Shule yenyewe ibaki palepale ilipo, na atakayetaka kuing'oa atanikuta mlangoni."

Neema akaizima. Mimi nilivua miwani nikaifuta kwa kanga, si kwa sababu ilikuwa na vumbi.

Alikuwa amesema kinyume kabisa cha nilichoandika. Na sasa nilikumbuka kila kitu. Bwana Lekishon siku ile alizungumza kwa ufupi, naye Bi. Nasieku alizungumza sana. Ili wote wapate mistari sawa kwenye jedwali, niliyapunguza maneno ya mama yule. Nikaondoa kiangazi, nikaondoa ng'ombe, nikamwondoa mwalimu na ubao, mpaka ikabaki "kuhamisha shule". Nilidhani natenda haki kwa sababu visanduku vilikuwa sawa kwa rula. Hata hivyo nitakuwa mwongo nisiposema kwamba nilijisikia mwepesi. Kosa lilikuwa na umbo sasa. Kosa lenye umbo linasahihishika.

Neema alituletea makande na kahawa nyeusi ya palepale, tukala tukiangalia uwanja wa shule.

"Leo darasa langu lina nusu," alisema. "Nusu nyingine iko mashambani na mama zao. Huku nako wagombea wa Karatu wanakuja kutuahidi elimu na uchumi kama vitu viwili. Njoo uone kahawa ikiiva. Uchumi unaingia darasani unaondoka na mtoto."

"Kwa hiyo wewe ni wa Nasieku? Mwalimu amfuate mtoto?"

Akatikisa kichwa. "Usiniandike kwenye kisanduku, Mwalimu. Bwana Lekishon anataka mabweni makubwa, na chuo cha ufundi cha kufundisha vijana udereva wa watalii, upishi wa hotelini, umeme. Mimi nimesoma bweni. Bila lile bweni ningeolewa nikiwa darasa la sita. Lakini mdogo wangu alipelekwa bweni akiwa na miaka saba, akasahau hata kumsalimia bibi yake kwa lugha yao. Kila mmoja ana lake la kweli. Ndiyo maana nataka wasikike wote, vizuri."

Nikamwomba tuongozane kesho, atafsiri. Akakubali kabla sijamaliza kuomba.

Jumamosi, geti la hifadhi. Tulifika geti likifunguliwa. Nyuma ya gari kulikuwa na magunia ya unga, kwa kuwa ndani ya hifadhi kilimo kimezuiwa na kila kinachopikwa hutoka nje. Juu ya mlima ukungu ulikuwa mzito, na majani ya miti yalidondosha maji kama mvua. Kwenye ukingo wa kreta Safari alisimamisha gari kwa mazoea ya kazi yake.

"Wageni wangu wote hushuka hapa."

Nilishuka. Kreta yote ilikuwa imejaa wingu jeupe, sikuona mnyama hata mmoja. Nilisimama pale kwa dakika chache, baridi ikinipenya magotini, nikijaribu kupanga maneno ya kuomba radhi. Neema alikuja akasimama kando yangu.

"Usiseme mengi," alishauri. "Watu wetu mtu akieleza sana wanajua ana la kuficha."

Saa nne kasoro, Endulen. Tuliteremka upande wa pili, ukungu ukatuachia, na nchi ikawa kavu, ya rangi ya manjano. Punda milia walikuwa wakila pamoja na ng'ombe, bila mmoja kumshangaa mwenzake. Tulipita karibu na hospitali ya misheni, tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake Nasieku. Niliona si haki kusimama mbele ya mkutano kabla sijasimama mbele yake.

Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, mzee, kichwa kimenyolewa, masikio yenye mashimo marefu. Neema alimwita Koko, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Takwenya, Koko," nilisalimu kama nilivyofundishwa garini.

"Iko," alijibu, bila kunitazama.

Neema alieleza mimi ni nani. Bibi alisikiliza, kisha akasema jambo fupi kwa Kimaasai. Neema akasita kutafsiri.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anauliza: huko kwenu mtu akikosa maneno ya kutosha, huwa anachukua ya mtu mwingine anayakata?"

"Mwambie ndivyo nilivyofanya. Mwambie nimekuja kuyarudisha yote."

Kabla bibi hajajibu, gari liliingia uani kwa kasi. Alikuwa Bi. Nasieku mwenyewe. Vijana walikuwa wamemzuia kwenye barabara kuu, akazunguka kwa njia ya ng'ombe. Alishuka, akaniona, akanitambua.

"Wewe ndiye Mwalimu?"

"Ndiye mimi. Nisamehe."

"Mwalimu, mimi nimetukanwa kwenye kampeni hizi tangu siku ya kwanza. Mwanamke gani, nani atamlisha mumewe. Hayo niliyazoea. Lakini haya yalitoka kwenye karatasi yenye heshima." Akaja akasimama mbele yangu. "Ulinipunguza ili nitoshe kwenye kisanduku chako."

Nikamwambia tu kwamba tuna sauti yake kamili, na nitasimama mbele ya watu wote niseme kosa ni langu. Alimwinua mama yake kutoka kwenye kigoda.

"Twende," alisema. "Jua halitusubiri."

Saa tano, uwanja wa mkutano. Watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja ulio kando ya shule, wanaume upande mmoja wakiegemea fimbo zao, wanawake upande mwingine. Bwana Lekishon alikuwa tayari ameketi mbele, mtu mrefu, mtulivu, koti la kijivu juu ya shuka. Bi. Nasieku alipotokea, minong'ono ikapanda. Kijana mmoja akapaza sauti kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Ahamishe kwanza shule yake kichwani!" Wakacheka.

Mwenyekiti wa kijiji akanipa kipaza sauti. Nikasema, Neema akatafsiri:

"Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Nimeandika kwamba Bi. Nasieku atahamisha shule. Hakusema hivyo. Yeye alisema mwalimu afuate watoto kiangazi na arudi nao mvua ikirudi, na shule ibaki hapa. Nilikata maneno yake. Kosa ni langu, si lake wala si la aliyetoa nakala. Nimetoka Kondoa kuja kusema hivyo."

Kisha Neema akaweka simu kwenye kipaza sauti. Sauti ikaruka juu ya uwanja, pamoja na upepo wake wote. Niliona wanawake wakigeukiana. Ndipo yule kijana akasimama tena.

"Simu si kitu! Siku hizi sauti inatengenezwa. Mwalimu ameandika kitu kimoja, leo anasema kingine. Amelipwa na nani?"

Kelele zikarudi, kubwa kuliko mwanzo. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani ukweli ukishafika umefika. Mwenyekiti aligonga meza bila mtu kumsikia, na watu wawili watatu walianza kusogea mbele. Bi. Nasieku hakurudi nyuma.

Aliyewatuliza alikuwa Koko. Hakuomba kipaza sauti. Aliinuka kutoka upande wa wanawake, akatembea polepole kupita katikati ya uwanja, na kelele zikapungua kadiri alivyokuwa akipita, mpaka alipofika mbele ya Bwana Lekishon uwanja ulikuwa kimya. Akazungumza naye. Neema alinitafsiria sikioni.

"Anasema: wewe nilikuona ukitambaa. Siku ile ya mkutano uliketi karibu na mwanangu kuliko mtu yeyote. Simu inaweza kudanganya, Mwalimu anaweza kukosea. Wewe ulisikia. Je, mwanangu alisema shule ihame?"

Bwana Lekishon alitazama chini. Watu wake walikuwa nyuma yake, na wengine walikuwa bado na zile nakala mikononi. Naamini alikuwa na njia nyingi za kutoka pale. Angeweza kusema hakumbuki. Nani angemshika?

Akasimama.

"Hakusema," alijibu kwa Kimaasai, kisha akarudia kwa Kiswahili. "Hakusema. Nilimsikia. Nilijua tangu karatasi ilipotoka, nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Koko, hapo nimekosa."

Jamani, sijui niwaeleze vipi. Sauti iliyotoka kwenye uwanja ule haikuwa makofi. Ilikuwa kama watu wengi wametua mizigo kwa pamoja. Niliketi chini, palepale kwenye vumbi, na mwanamke nisiyemjua akanisogezea chupa ya maji. Koko alirudi alikotoka, na safari hii wanawake walisogea wakamwachia nafasi katikati yao.

Kisha wakabishana. Walibishana hasa, tena vizuri, kwa muda wa karibu saa tatu. Bi. Nasieku alisema mtoto mdogo asome kwa lugha ya mama yake miaka ya kwanza, karibu na boma, na kwamba uchumi wa kweli uko kwenye maziwa: wanawake wapate mahali pa kuyapoza na kuyauza kwa pamoja badala ya kuyamwaga. Bwana Lekishon akajibu kwamba ng'ombe wanapungua na malisho yanapungua, kwa hiyo kijana asiye na ufundi atabaki kuwa mlinzi wa hoteli akitazama wengine wakiendesha magari ya watalii. Akataka barabara ya uhakika, bweni la wasichana lenye ukuta, na maabara.

"Mwalimu wako atakayefuata ng'ombe, utamlaza wapi?" alimwuliza mpinzani wake.

"Atalala tunapolala sisi. Na wewe maabara yako, nani atasomea humo kama darasa la pili wameshatoroka?"

Watu wakacheka, safari hii kicheko cha kawaida. Yule kijana mkali akauliza swali kuhusu chuo cha ufundi, akajibiwa, akauliza lingine. Mama mmoja akataka kujua kwa nini bweni na mwalimu anayehama visiwepo vyote viwili.

Saa tisa, kuondoka. Bi. Nasieku alinisindikiza hadi kwenye gari. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia, "Karatasi mpya iandike leo leo." Tuliiandika kwenye boneti ya gari la Safari, mimi, Neema na mwenyekiti wa kijiji. Tuliacha visanduku, tukaandika aya mbili za kawaida, ya Bi. Nasieku ndefu na ya Bwana Lekishon fupi. Wote wawili waliisoma wakatia saini. Kwenye ukingo wa kreta wingu lilikuwa limeondoka, Safari akasimama tena bila kuulizwa. Chini kabisa niliona maji yakimeta na vitone vyeusi vya wanyama. Neema alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, mdomo wazi. Sikumwamsha.

Jumapili, Karatu hadi Kondoa. Mzee Gwandu alitoa nakala za karatasi mpya asubuhi, baada ya ibada, na kabla ya saa sita zilikuwa zimeshapanda mlima. Alinisindikiza stendi na mfuko wa vitunguu.

"Umelala?" aliuliza.

"Kama mtoto."

Ndani ya basi nililala tena, toka Mto wa Mbu mpaka Babati. Daftari lilibaki kwenye mkoba.

Mnaweza kuniuliza nilijifunza nini. Nimejifunza kwamba kumtendea mtu haki si kumpa nafasi sawa na mwenzake, bali ni kumwachia maneno yake, hata yakiwa marefu. Nimejifunza pia kwamba ukweli hauwezi kwenda peke yake kwenye simu. Unahitaji mtu wa kusimama nao, na mara nyingine mtu huyo ni yule ambaye ungemtegemea kidogo kuliko wote.

Kura zilipigwa kule kwa utulivu. Bwana Lekishon alishinda. Siku iliyofuata matokeo, Bi. Nasieku alinipigia simu mwenyewe, nami nikaogopa kupokea. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wengi wakizungumza kwa pamoja, na vyombo vya maziwa vikigongana.

"Pole, mwanangu," nilianza. "Kama si mimi..."

"Hapana, Mwalimu," alinikatiza. "Watu walinisikia, wakaamua. Nimeshindwa kwa maneno yangu mwenyewe."